Mugwe Kwenye Meza ya Dadu

Nimekusudia leo kuzungumza juu ya jambo ambalo wazee wenzangu aghalabu hulidharau na kuliona ni la watoto, nalo ni mapenzi ya vijana wetu kwa mashujaa wa katuni, wale wavaao barakoa na kuruka angani, pamoja na mchezo mmoja uliozaliwa na mapenzi hayo, mchezo usiohitaji umeme wala uwanja, ila watu wanne au watano wenye ndimi nyepesi, meza, karatasi, kalamu na dadu.

Mchezo wenyewe huenda hivi. Mmoja wa waketio mezani hushika cheo cha msimulizi, na wengine kila mmoja hujichagulia nafsi ya shujaa, akaiandika karatasini pamoja na nguvu zake, udhaifu wake na siri zake. Kisha msimulizi hufungua kisa: mvua imenyesha usiku kucha, daraja la mto Thuci limesombwa na mafuriko, na ng'ambo ya pili basi limening'inia ukingoni na abiria wamo ndani, je, mwafanyaje? Hapo kila mchezaji hujibu kwa ulimi wa shujaa wake, na panapoingia shaka kama tendo lake litafaulu au litashindikana, dadu hurushwa na hukumu yake ikakubaliwa na wote. Hapana mshindi wala mshinde, na kisa kimoja huweza kuendelea juma baada ya juma kwa muda wa miezi. Mchezo wa namna hii ulichapwa kwanza Marekani, ambako mwaka wa 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa panga, uchawi na mazimwi, kwa nakala 1,000 za mwanzo. Haukupita muda, wapenzi wa katuni wakaona ya nini kuwaachia wapiga panga peke yao starehe hiyo. Ukatoka Superhero: 2044 mwaka wa 1977, ukafuata Champions mwaka wa 1981, na mwaka wa 1984 mashujaa wa kampuni ya Marvel nao wakapata mchezo wao.

Lakini kabla ya michezo hii, na kabla ya katuni zenyewe, palikuwa na vitabu vya safari za ajabu, ambavyo ndivyo babu wa mambo yote haya, na kimoja kati ya vitabu hivyo kinatuhusu sisi watu wa Mlima Kenya kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 1887 Mwingereza H. Rider Haggard, ambaye nduguye Jack alipata kuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Lamu, alitoa riwaya iitwayo Allan Quatermain. Humo mwindaji mzee na sahibu zake wanafika Lamu, wanaupanda mto Tana kwa mitumbwi, wanapumzika kwenye misheni, wanapigana na Wamasai vita vya kuogofya, kisha wanaupita Mlima Kenya na kuendelea mbele hata wanauingia ufalme wa watu weupe uliofichika katikati ya Afrika. Mwandishi huyu ndiye aliyetunga pia kisa cha hazina ya Mfalme Sulemani, ambacho Frederick Johnson alikifasiri mwaka wa 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kikasomwa mashuleni Afrika Mashariki kwa miaka mingi, kiasi kwamba wako wazee kati yetu ambao kitabu chao cha kwanza cha kusoma kwa raha, bila kulazimishwa na mwalimu, kilikuwa hicho.

Sasa chukueni ramani muifuate njia ya Quatermain kwa kidole: Lamu, kisha Tana, kisha mlima. Njia hiyo Mmeru yeyote aliyeketi na babu yake anaijua. Mapokeo ya Wameru yanasimulia kwamba wazee wao walikaa zamani mahali paitwapo Mbwaa, penye maji ya chumvi, na wako wanazuoni wanaopaelekeza kwenye kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu. Kwamba waliteswa huko na watu wa nguo nyekundu, Nguuntune. Kwamba walitoroka usiku, wakapita nyika na bonde la Tana, hata wakafika kwenye miteremko hii tunayolima leo. Wanahistoria wanakisia kwamba safari hiyo ilianza yapata mwanzo wa karne ya 18, yaani zaidi ya miaka 100 kabla Haggard hajashika kalamu yake. Njia ni moja, mto ni mmoja, mlima ni mmoja. Ila katika riwaya ya Haggard wenyeji wa njia hiyo ni wapagazi, au ni adui wa kuchinjwa alfajiri, na utukufu wote unawangojea wageni waliotoka Uingereza, kwa sababu aliyeshika cheo cha msimulizi alikuwa ameketi Uingereza. Hapo ndipo ulipo muradi wa mazungumzo yangu: katika kisa chochote, neno kubwa ni nani aliyeketi katika kiti cha msimulizi, na mchezo huu wa dadu, kwa umbo lake lenyewe, humpa kiti hicho yeyote atakayekitaka.

Tuitazame basi hadithi ya Mbwaa kwa jicho la msimulizi wa mezani, maana sijapata kuona kisa kilichoumbika kwa mchezo huu kuliko hicho. Watu wa nguo nyekundu, wakitafuta sababu ya kuwaangamiza watumwa wao, waliwapa mitihani. Wasimulizi huhitilafiana katika idadi na mpangilio, kama wafanyavyo wasimulizi wote wa kweli, lakini baadhi ya mitihani inajulikana na wengi. Waliambiwa watoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu jembamba, pasi na kulichoma wala kulichimbua. Wakamimina maji shimoni, na tunda likaelea lenyewe hata mdomoni. Waliambiwa walete ndara yenye manyoya juu na chini. Wakakata ile ngozi inayoning'inia kooni mwa ng'ombe, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Waliambiwa walete mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe za paa. Kila mtihani ulipojibiwa, mwingine mzito zaidi uliletwa, mpaka ukaja wa mwisho: fueni mkuki utakaofika mbinguni. Hapo mzee wao Koomenjwe, aliyekuwa akiwaongoza kwa hekima katika yote yaliyotangulia, alitambua kwamba muda wa majibu umekwisha. Wakawaambia mabwana zao kwamba kazi ya kufua mkuki kama huo yataka matayarisho marefu, na matayarisho yenyewe yakawa ni kufunga mizigo.

Mwajua, wasikilizaji, kwamba kumtambulisha mchezaji wakati wa kuacha kujibu na kuanza kukimbia ndiyo kazi ngumu kupita zote kwa msimulizi wa mchezo huu? Vijana wengi, khasa waliolelewa na sinema, hudhani kwamba kila mlango uliofungwa una ufunguo ndani ya chumba. Waliotunga kisa cha Mbwaa walijua zaidi ya hapo. Walijua kwamba dhalimu anaweza kutunga fumbo lisilo na jibu, makusudi, na kwamba ushujaa kwa wakati huo ni kuamka usiku na kutia watoto mgongoni. Kisha walipofika majini, kiongozi akayapiga maji kwa fimbo yake, yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa ndio jamaa ya weusi, Njiru, waliovuka kunapopambazuka wakawa wekundu, Ntune, na waliovuka jua likiwa juu wakawa weupe, Njeru. Koo nyingi za Meru hujihesabu kwa mafungu hayo matatu hata leo. Asemaye kwamba kisa hiki kimeigwa kwa Musa na Bahari ya Shamu ana haki ya kudhani hivyo, na wamishionari walijadiliana sana juu ya hilo. Mimi sina ugomvi naye, maana wasimulizi wa dunia nzima huazimana, na Musa mwenyewe hatoona haya kukaa meza moja na Koomenjwe.

Katika ukoo wa uongozi huo ndimo alimotoka Mugwe, na hapa nataka tutulie kidogo. Padre Bernardo Bernardi, wa shirika la Consolata, alichapisha mwaka wa 1959 kitabu kiitwacho The Mugwe, na ndani yake alieleza cheo hicho kwa makabila madogo ya Meru, kila moja likiwa na Mugwe wake, Waimenti, Watigania, Waigembe, Watharaka na wengineo. Mugwe hakuwa mfalme, wala hakuwa mganga. Alikuwa mbariki, mtu ambaye baraka yake ndiyo iliyofungua mambo makubwa ya jamii. Na kwa Waimenti ilisemekana kwamba nguvu yake imekaa katika mkono wake wa kushoto. Mkono huo hufunikwa daima, hapana aruhusiwaye kuuona, na atakayeuona atakufa. Na adui wakija kwa vita, yamtosha Mugwe kuuinua tu, nao wakasimama pale pale walipo. Jambo hili liliwashangaza wanazuoni wa ng'ambo, hata mwaka wa 1960 Rodney Needham akaandika makala mashuhuri akiuliza imekuwaje mkono wa kushoto, ambao kwa Wameru kama kwa watu wengi ni mkono duni, upewe heshima hiyo kuu.

Mimi si mwanazuoni wa kiwango chake, lakini nimesoma kanuni za Champions, na naona vijana wetu wanaocheza mchezo huo watalielewa jambo hili upesi kuliko maprofesa. Katika mchezo ule kila mchezaji hupewa mtaji wa pointi, naye huzitumia kununua nguvu za shujaa wake: kuruka kwa bei hii, nguvu za mwili kwa bei hii, kusoma mawazo ya watu kwa bei ile. Mtaji ukimwishia, yamkini kuuongeza kwa njia moja tu, nayo ni kujitwika udhaifu: awe na adui anayemwinda, awe na siri isiyoweza kufichuliwa, awe na kiapo kinachomfunga. Tena nguvu yenyewe huwa rahisi bei ikiwa imewekewa masharti. Hebu mwandikeni Mugwe karatasini. Nguvu ya kusimamisha jeshi zima kwa ishara ya mkono ni ghali mno, hapana mchezaji anayeanza awezaye kuinunua. Lakini mwekeeni masharti yake, kwamba mkono uwe umefunikwa usiku na mchana, kwamba afanye kazi zake zote za dunia kwa mkono mmoja, kwamba yeyote auonaye kwa bahati mbaya afe, hata akiwa ni mtoto wake anayetambaa, na kwamba asiweze kuutumia ila kwa ajili ya watu na kamwe si kwa nafsi yake. Hapo bei inashuka, na hapo pia anazaliwa mtu wa kuhurumiwa. Watungaji wa katuni wa New York walihitaji miongo kadhaa kugundua kwamba shujaa asiye na mzigo hachukui muda kumchosha msomaji. Wazee wa Imenti walilijua hilo kabla ya kiwanda chochote cha karatasi kujengwa katika nchi hii.

Mlinganishe naye binti wa kutungwa ambaye Marvel walimpa asili ya Kenya. Katika mwaka wa 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walimtoa Storm, jina lake Ororo, mwenye nywele nyeupe na mamlaka juu ya mvua na radi, na walipomwonyesha kwa mara ya kwanza alikuwa Kenya, akiabudiwa na wanakijiji kuwa ni mungu wa kike aletaye mvua. Nampenda Ororo, nakiri, na baadaye mwandishi Chris Claremont alimjenga akawa mtu kamili mwenye hofu na huzuni zake, na kiongozi wa wenzake. Lakini wale wanakijiji wa ukurasa wa kwanza hawana majina, hawana baraza, hawana hata mzee mmoja wa kumwuliza binti huyo mvua imechelewa kwa nini. Mtu aliyekulia Tharaka, ambako mvua ikikosekana ndiyo habari ya kila kikao, atacheka. Hapa kwetu mwenye karama huwa chini ya macho ya watu. Mugwe alikuwa na wazee waliomzunguka, na mamlaka ya sheria na hukumu yalikaa na wazee wa Njuri Ncheke, ambao mahali pao patakatifu pako Nchiru hata sasa, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Mchezo wa mashujaa uliotungwa Meru ungekuwa na jambo ambalo sijaliona katika mchezo wowote wa Marekani: shujaa kuitwa mbele ya wazee baada ya vita na kuulizwa gharama yake italipwa na nani.

Nisije nikaonekana nadai kwamba mapenzi ya picha na vituko yaliletwa hapa jana na sinema ya Black Panther, ile ya mwaka wa 2018. Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1960 tulikuwa na wetu, naye ni Lance Spearman. Jarida lake liliitwa African Film, likitolewa na kampuni ya Drum, nalo halikuchorwa bali lilitungwa kwa picha za kamera, ukurasa baada ya ukurasa, na maneno yametiwa juu yake. Spear alikuwa mpelelezi mwenye kofia ya panama, tai ya kipepeo, ndevu za kidevuni na ulimi mkali. Msaidizi wake ni Sonia, kijana wake ni Lemmy, na rafiki yake katika polisi ni Kapteni Victor. Aliyeigiza ni Jore Mkwanazi, wa Afrika Kusini. Majarida hayo yalivuka mipaka, yakasomwa Nairobi, Lagos na Accra, na huku kwetu nakala moja ilipita mikono hata jalada likaondoka na mwisho wa kisa ukapotea, ikawa aliyesoma wa mwanzo analazimika kuwahadithia wenzake jinsi mhalifu alivyonaswa, na bila shaka akitia chumvi yake. Huo ulikuwa nusu ya mchezo wa mezani, dadu tu ndizo zilizokosekana.

Spear alikuwa na ajabu moja ambayo hatukuitambua utotoni. Picha zake zilipigwa kusini, ilhali Waafrika wa Afrika Kusini wakikanyagwa na ubaguzi, na kampuni ilikuwa ya mzungu, Jim Bailey. Lakini katika mji wa Spear mkuu wa polisi ni mweusi, daktari ni mweusi, tajiri ni mweusi, hata mwendawazimu anayetaka kuitawala dunia ni mweusi. Ubaguzi haukutajwa, ulifutwa tu, kana kwamba haukupata kuwako. Wako waliolilaumu jarida kwa kunyamaza hivyo. Mimi naona kwamba kuitunga nchi kama ilivyopaswa kuwa, na kuwaacha wasomaji waione tofauti wao wenyewe, ni usemi pia.

Baada ya Spear walikuja wengi, nami nitawapitia haraka. Edward Gitau alituchekesha kwa miongo kadhaa na Juha Kalulu wake katika Taifa Leo, ambaye si shujaa hata kidogo na labda ndiyo maana alidumu. Terry Hirst, aliyeanzisha jarida la Joe mwaka wa 1973 pamoja na Hilary Ng'weno, aliendelea katika miaka ya 1980 na mfululizo wa Pichadithi, hadithi za kale za Kenya kwa picha, kazi ambayo ilistahili kuendelea kuchapwa hadi leo. David Maillu alimtoa mpelelezi Benni Kamba, nambari 009, mwaka wa 1980, na upande wa Tanzania Elvis Musiba alikuwa amekwisha kumtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwao, alimchora Akokhan, mwenye nguvu za mizimu, na kwa maoni yangu huyo ndiye shujaa wa kwanza wa katuni za Kenya aliyesimama bila kuegemea ukuta wa Marekani. Odoi alifariki kwa ajali ya barabarani mwezi wa Aprili 2012, tukapoteza mkono usio na mfano wake. Na mwaka wa 2010 likatoka Shujaaz, kwa lugha ya Sheng, likigawanywa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, na shujaa wake ni Boyie, kijana asiye na kazi aliyejitengenezea kituo cha redio nyumbani kwa mama yake. Mimi mtu wa redio siwezi kumsema vibaya kijana huyo.

Lakini tukitaja mashujaa wenye jina la siri na maisha mawili, hatuna haja ya kwenda mbali, wala kutunga. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu mwaka wa 1952, wapiganaji walioingia msituni walijipa majina ya vita, na sababu mojawapo ilikuwa ile ile ya barakoa katika katuni: anayejulikana jina lake ana mama na watoto kijijini watakaoadhibiwa kwa ajili yake. Embu inamkumbuka Jenerali Kubukubu. Meru inawakumbuka Musa Mwariama, aliyetoka msituni uhuru ulipofika mwaka wa 1963 bila ya kukamatwa, na Jenerali Baimungi, ambaye aliuawa mwaka wa 1965, chini ya bendera ile ile aliyoipigania. Jambo hili la mwisho si la mchezo, nami ningemshauri kijana asiliweke mezani na dadu maadamu wako wajane na yatima wanaolikumbuka. Akitaka kulisimulia, aende kwanza awasikilize, kisha alisimulie kwa kalamu.

Na Embu wana ya kwao ya zamani zaidi, Mwenendega, baba wa kabila, aliyemkuta mke wake penye maji, na kichaka chake kipo karibu na Runyenjes hata leo. Nao wana wachezaji wao wa ngoma wanaotembea juu ya magongo marefu, wakiwapita watu wa kawaida kwa kimo cha mtu mzima. Msanii wa katuni anayetafuta umbo la shujaa asiyefanana na yeyote wa Marekani, na amtazame mchezaji huyo wa magongo akikatiza uwanja kwa hatua nne.

Najua kwamba kuna wanaonisikiliza sasa na nyuso zimekunjamana. Mzazi aliyelelewa katika Kanisa la Methodisti, lililofika Kaaga mwaka wa 1912, au katika misheni ya Kigari au ya Chogoria, akisikia maneno kama mizimu na nguvu za siri katika mchezo wa mwanawe, ana haki ya kuuliza. Hata Marekani kwenyewe, katika miaka ya 1980, ulizuka uvumi mkubwa kwamba mchezo wa Dungeons & Dragons unawavuta vijana kwa shetani, na wazazi wakaunda vyama vya kuupinga; miaka ikapita, watoto wale wakawa wahasibu na walimu, na uvumi ukafifia wenyewe. Pingamizi ninayoiheshimu zaidi ni ya upande wa pili, ya wazee wasemao kwamba cheo cha Mugwe ni kitakatifu na hakifai kurushiwa dadu. Kwa hao jibu langu ni kwamba kijana asimchukue Mugwe huyu au yule aliyeishi, mwenye ukoo na kaburi; aumbe wa kwake, ampe jina la kubuni na kijiji cha kubuni, na kabla ya kuuandika mkono wa kushoto katika karatasi aende kwa mzee mmoja amwombe ruhusa na maelezo. Mzee atakataa au atakubali. Lakini akikubali, kijana atarudi na saa mbili za masimulizi ambayo vinginevyo yangalizikwa na mwenyewe.

Kuhusu gharama, msitishwe. Vitabu vya mchezo kutoka ng'ambo ni ghali, hilo ni kweli, na katuni za rangi ni ghali zaidi. Walakini mwezi wa Januari 2023, baada ya wachezaji wa dunia nzima kulalamika, wenye Dungeons & Dragons waliziachilia kanuni zake za msingi kwa leseni huria, hata yeyote anaweza kuzitumia, kuzibadilisha na kuzitia katika Kiswahili, au katika Kimeru na Kiembu, bila ya kulipa senti wala kuomba idhini, ila kuwataja wenye asili. Champions nayo huchezwa kwa dadu za kawaida zenye pande sita, zile zile za ludo zinazouzwa katika duka lolote la Makutano.

Basi nina maombi mawili. La kwanza nawaelekea wasimamizi wa maktaba za umma za Meru na Embu: watengeeni vijana meza moja Jumamosi alasiri, na msiwanyamazishe wakipaza sauti, kwa kuwa mchezo huu hauchezwi kwa kunong'ona. La pili nawaelekea ninyi wazee wenzangu mnaoijua mitihani ya Mbwaa kwa namna ambayo mimi sikuisimulia, mkiwa na mtihani nilioruka au jibu nililolisikia vibaya: mwiteni mjukuu mwenye simu, aiwashe irekodi, nanyi semeni mpaka mwisho.